7.62 Siyo Risasi Moja: Somo kwa Wawindaji na Wapiga Shabaha

Ndugu zangu, maombi ya vibali vya silaha na risasi yanakuja mengi siku hizi na mengi tunayarudisha, na sababu ni ile ile kila mara, mtu ameandika kaliba, yaani jina na kipimo cha risasi, nusu. Anaandika ".300" halafu anarudi nyumbani anangoja. .300 gani? Kuna .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, kuna .300 H&H ya zamani zaidi, kuna .300 Weatherby, kuna .300 Blackout ambayo hata haina undugu na hizo, ni karisasi kafupi kalikotengenezwa kwa kukata ganda la .223. Zote kichwa chake, kile kipande kinachoruka, kina upana karibu sawa, milimita 7.8 hivi, lakini ganda, baruti na presha ni vitu tofauti kabisa. Jina la risasi liandike lote, kama lilivyochorwa kwenye mtutu wa bunduki yako. Siyo ukali wa ofisi, ni kwamba afisa anayekagua uwanja wa ndege wa Entebbe anaangalia mtutu, anaangalia kitako cha risasi, anaangalia karatasi, na vitu vitatu lazima viseme kitu kimoja.

Sasa tuje kwa 7.62, manake hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Hapa Uganda kila mtu anaijua AK, yenyewe tunaiita SMG, askari wa benki anayo, mlinzi wa petroli stesheni anayo, hivo mtu akisikia 7.62 anajua ni hiyo tu. Chukua risasi mbili uzisimamishe mezani. Ya SMG ni 7.62x39, ganda lake urefu milimita 39, limechongoka kutoka kitako mpaka bega, kichwa kifupi. Ya pili ni 7.62x51, dada yake wa kiraia ni .308 Winchester ya mwaka 1952, ganda milimita 51, limenyooka, limenona. Ya kwanza inatoa kichwa cha gramu 8 kwa mwendo wa mita 715 hivi kwa sekunde, ya pili inatoa gramu 10.9 kwa mita 808. Kwa nguvu ni kama joule 2,000 kwa 3,500. Halafu hata upana wa kichwa haulingani, ya SMG ni milimita 7.92 na ya .308 ni 7.82. Kwa macho huwezi kuona, lakini mtutu unaona.

Igeuze uangalie kitako. Risasi ya kiraia ina jina la kiwanda na kaliba, ".308 WIN", imeandikwa wazi. Risasi nyingi za jeshi hazina kaliba pale, ile ya kirusi utakuta namba ya kiwanda juu na mwaka chini basi, ile ya NATO ina alama ya duara lenye msalaba ndani. Ndio maana risasi isiyo na boksi lake tunakuambia usiiguse, hata kama rafiki amekuhakikishia.

Kuna mchanganyiko wa hatari ambao nataka uubebe kichwani. .308 inaingia kwenye chemba ya .30-06, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, mlango unafunga vizuri, na inalipuka, lakini ganda ni fupi kwa milimita 12 hivo linavimba au linapasuka na gesi inatafuta njia ya kurudi kwa uso wako. .300 Blackout inaweza kuingia kwenye bunduki ya .223, na hiyo ni mbaya zaidi, kichwa cha milimita 7.8 kinalazimishwa kupita kwenye mtutu wa 5.7, bunduki inapasuka mkononi. Na 5.56 ya jeshi kwenye bunduki iliyoandikwa .223 Remington peke yake, watu wanasema ni kitu kimoja, hapana, koo la chemba ya .223 ni fupi na presha inaweza kupanda kupita kiasi. Kinyume chake, .223 kwenye bunduki ya 5.56, hiyo haina shida.

Sasa uwindaji wenyewe. Mnajua historia, uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku 1979, ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba ya pembeni mwa Ziwa Mburo, na leo kuna maeneo mengine mpaka Karamoja. Mnyama anapigwa kwa haki ya matumizi ya daraja A, ile ya uwindaji, kutoka UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa mgawo uliowekwa, mkiwa na askari wa wanyamapori. Haya nadhani yanajulikana, siyarudii. Ninachotaka kusema ni kwamba mnyama ndiye anayechagua risasi, wewe huchagui kwa sababu umeona video.

Swala pala wa Mburo dume ana kilo 50 na kidogo, kobu dume anakaribia 100, pongo ni mdogo. Hawa .308 inatosha, .270 Winchester ya 1925 inatosha, .30-06 inatosha, hata 7x57 ya wazee na 6.5 Creedmoor zinatosha kabisa, ili mradi kichwa ni cha kuwindia na umeweka pale bega linapoishia. Hakuna sababu ya mtu kuja na .300 Magnum kwa swala wa mita 120, anaharibu nyama na anaogopa bunduki yake mwenyewe, unamwona amefumba macho kabla hajavuta. Pofu ni hadithi nyingine, dume anaweza kufika kilo 900, hapo .30-06 ya kichwa cha gramu 11.7 ndio mwanzo, na mimi ningependa uwe na .375.

Nyati usibishane. .375 H&H Magnum ilitoka 1912 na mpaka leo nchi nyingi za Afrika zinaitumia kama kipimo cha chini kwa wanyama hatari, na sababu si mila tu. Kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde, joule 5,700 na zaidi, lakini hiyo joule siyo habari yenyewe. Habari ni kwamba kichwa kizito na kirefu kinaendelea kwenda mbele baada ya kugonga mfupa wa bega, hakigeuki, hakivunjiki, kinafika kwa moyo. Kichwa chepesi chenye mwendo mkali kinapasuka kwenye ngozi na misuli, nyati anaingia kwenye kichaka akiwa na jeraha na hasira, na anayetumwa kumfuata kule ndani siyo wewe mwenye leseni, ni askari na mfuatilia nyayo ambao wana watoto nyumbani. Hapa naomba radhi kwa sauti lakini ni lazima niseme, mtu anayeniambia eti alimwona mtu ameangusha nyati kwa SMG, kwa hiyo .308 inatosha, huyo hajawahi kufuata damu ya nyati kwenye nyasi ndefu.

Halafu kuna wale wa Bell. Kila mara lazima mmoja anitajie Karamojo Bell, yule Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa miaka ya 1900, ati aliua ndovu zaidi ya 1,000 na wengi wao, kama 800, kwa bunduki ndogo ya .275 Rigby ambayo ni 7x57. Ni kweli. Lakini malizia habari. Bell alikuwa anatumia solidi, kichwa kirefu cha gramu 11 chenye koti gumu ambacho hakifunguki, na alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno akasoma ubongo umekaa wapi kutoka kila pembe. Alikuwa anapiga ubongo, kwa karibu, maisha yake yote ilikuwa kazi hiyo. Wewe unakuja na likizo ya wiki moja. Na ndovu leo haguswi, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 kwa wanyama walio hatarini kutoweka inatoa faini mpaka karensi pointi (kipimo cha faini kwenye sheria) milioni moja, moja ni shilingi 20,000, piga hesabu, ni shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili, na mwaka 2022 korti ya Kampala ilimpa mtu kifungo cha maisha kwa kesi ya pembe za ndovu. Narudia, maisha. Kuna watu bado wanadhani ni kesi ya kulipa na kwenda nyumbani.

Aina ya kichwa ni jambo kubwa kuliko kaliba na watu hawaulizi. Softi ina ncha ya madini laini ya risasi, ikigonga inafunguka kama mara mbili ya upana wake, hiyo ndiyo ya swala, kobu, kuro, ngiri, na ile ngumu iliyobandikwa vizuri ni ya nyati kwa pigo la kwanza. Solidi haifunguki, inapita moja kwa moja, hivo hakikisha nyuma ya nyati hakuna nyati mwingine. Ya jeshi yenye koti zima inatoboa tundu dogo na mnyama anakimbia kilomita kufa taratibu, hiyo kwa mnyama hatuitaki. Na ya mechi, yaani ya mashindano, ile yenye katundu kwenye ncha, watu wanadhani ile tundu ni ya kufungukia, hapana, ni namna ilivyotengenezwa kiwandani ili iwe sahihi, kwa mnyama haitabiriki, leo inapita kama sindano, kesho inapasukia juu juu. Kwa karatasi ni nzuri sana. Iache kwa karatasi.

Tuje kwa karatasi basi. Wapiga shabaha wanaomba 6.5 Creedmoor kwa wingi, na nawaelewa. Ilitoka 2007, kampuni ya Hornady, ilitengenezwa kwa mashindano ya mbali. Kichwa chake cha gramu 9 ni chembamba na kirefu, upepo unakishika kidogo. Kwa mita 500, upepo wa ubavuni wa mita 4.5 kwa sekunde unaisukuma .308 ya mechi karibu sentimita 65, na 6.5 karibu sentimita 45. Bega nalo linapumzika kwa sababu teke ni dogo. Lakini mtutu wa .308 unadumu raundi nyingi zaidi, na kwa mtu ambaye uwanja wake ni mita 100 au 200, na wengi wenu ndipo mnapopiga, tofauti hiyo huioni kabisa, umelipa pesa nyingi kwa kitu cha mita 800 ambazo hauna pa kuzipata. Anza na .22 LR. Ndiyo inayotumika kwenye Olimpiki kwa mita 50 na duara la kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, ukiligonga kila mara wakati huna rafiki wa kukudanganya, njoo tuongee habari ya Creedmoor.

Angalia pia mikato ya ndani ya mtutu wako. .223 yenye mzunguko mmoja kwa inchi 12 inapenda kichwa cha gramu 3.6, ukiipa kile kirefu cha mechi cha gramu 5 hakitulii hewani, kinagonga karatasi kikiwa kimelala upande na unaona alama ya tundu la funguo. Kile kinataka inchi 8 au 7. Mtu analeta malalamiko kwamba risasi ni feki, kumbe mtutu na kichwa havikuoana.

Na jambo la kwetu hapa. Jedwali la kwenye boksi kwa kawaida limepigwa hesabu kwa hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu, Entebbe peke yake ni zaidi ya mita 1,100, Mburo na Karamoja ziko hapo au juu zaidi, hewa ni nyepesi, risasi inadondoka kidogo kuliko jedwali linavyosema. Kwa mita 100 ni sawa tu, kwa 400 utagonga juu kidogo kuliko ulivyotegemea. Hivo mgeni akifika na bunduki aliyoiweka sawa kwao Ulaya, lazima apige karatasi kwanza kabla ya kwenda porini, na hii si ombi. Usiache risasi kwenye dashibodi ya gari juani pia, baruti ikipata joto presha inapanda na mwendo unabadilika.

Mwisho ni karatasi. Cheti cha silaha ni cha mtu na cha silaha ile, barua inaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inapanda kwa usalama wa eneo, kwa polisi wa wilaya, mpaka makao makuu Naguru, na kuna kupimwa afya na akili. Ukibadilisha mtutu kutoka .308 kwenda 6.5, hata kama bodi ni ile ile, njoo useme. Ukitaka kumuazimia shemeji risasi kumi, jibu ni hapana, hata kama ana bunduki ya kaliba hiyo na cheti chake, anunue kwa njia yake. Na bunduki hairithiwi kama ng'ombe, mzee akifariki, familia iripoti polisi mapema, silaha ikae mikononi mwa polisi mpaka anayeitaka aombe cheti kwa jina lake na apitie hatua zote nilizotaja.

Risasi za mzee mlizozikuta kwenye sanduku, zenye kutu au zisizo na boksi, msizijaribu, msizichome na takataka, msizitupe chooni. Ziacheni palepale, watoto watoke chumba hicho, piga simu kituo cha polisi cha karibu uwaambie ni ngapi na zinaonekanaje, wao watakuja kuzichukua.