Diski iliyotuna si mgongo uliokwisha
Hamali wa Kongowea akirudi na ripoti ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) iliyoandikwa "diski imetuna", yaani kile kimto laini kati ya pingili za mgongo kimejitokeza nje, mtaa mzima humwambia mgongo wake umekwisha. Sivyo. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2015 yalikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski zilizotuna, wenye miaka 80, asilimia 84. Ni kama mvi, ila hizi hazipakwi hina. Picha huwa na uzito ikiafikiana na dalili, yaani diski imebana neva ileile inayoshusha maumivu mguuni. Hata hapo, wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa bila kisu. Ganzi ya msambani au mkojo kuziba, hiyo ni dharura: hospitali siku hiyohiyo.