Je, wajua? Chura huteua seli za uzazi za watoto wake kabla yai halijarutubishwa

Katika kiinitete cha panya, seli za uzazi huteuliwa kwa ishara za kikemikali kutoka kwa seli jirani. Kwa chura Xenopus laevis mambo ni tofauti: mama huweka maagizo ndani ya yai likiwa bado changa kwenye ovari.

Kando ya kiini cha seli ya yai hilo changa (si kiini cha njano, bali sehemu inayotunza DNA) hutokea wingu la mitokondria, yaani vijisehemu vinavyoipa seli nishati. Wingu hilo hunasa RNA za jeni za mama, yaani nakala za jeni ambazo seli huzisoma ili kutengeneza protini, zikiwemo nanos1 na dazl, kisha huteremka nazo hadi ncha ya chini ya yai, ile iliyopauka. RNA ya nanos1 hukaa pale bila kusomwa. Protini yake hutengenezwa baadaye, kwa msaada wa protini nyingine iitwayo Dead end.

Yai likisharutubishwa na kugawanyika mara mbili, kila moja ya seli nne huwa na fungu lake la wingu hilo na RNA zake. Tangu hapo, seli yenye fungu ikigawanyika, fungu lote huenda kwa seli binti moja tu. Ndiyo maana seli za uzazi hubaki chache mno. Hali hubadilika kwenye hatua ya gastrula, kiinitete kinapoanza kujipanga katika tabaka: fungu husogea na kuzunguka kiini, na seli binti zote mbili hurithi.

Kazi ngumu ni kuzuia. Seli hizi zimezungukwa na zile zitakazojenga utumbo, tena zimebeba RNA ileile ya VegT inayoamuru utumbo ujengwe. Protini ya Nanos1, ikishirikiana na protini nyingine iitwayo Pumilio, huizuia RNA hiyo isisomwe. Nanos1 ikikosekana, seli hushika njia ya utumbo, kisha hufa. Dazl ikikosekana, hushindwa kusafiri vizuri kutoka kwenye utumbo, na kiluwiluwi hubaki bila seli za uzazi.

Kuthibitisha haya si kazi nyepesi. Ukisubiri yai lirutubishwe ndipo uharibu RNA, huenda umechelewa, kwa kuwa protini imeshaanza kutengenezwa. Kwa hiyo kipande cha DNA kinacholenga RNA hiyo huchomwa ndani ya yai changa, yai hukomazwa kwa homoni ya projesteroni, kisha hupandikizwa tumboni mwa chura jike mwingine ili lipitie mirija yake na kuvikwa ute. Bila ute huo, mbegu za dume hazilirutubishi.