Kwa Nini Pikipiki Kuukuu Huzima Ukiachia Resi?

Pita asubuhi kwenye kijiwe chochote cha bodaboda kati ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, hutakosa kumwona kijana aliyesimama na chombo chake, mguu mmoja chini, mkono wa kulia ukichezea resi bila kupumzika. Si mbwembwe. Anajua akiachia tu, injini inazima, na kiki ya pikipiki kuukuu si kitu cha kupiga mbele ya abiria anayewahi boti Kibirizi. Ajabu ni kwamba chombo hichohicho kikishaingia barabarani kinapanda mlima na watu wawili na mzigo bila kulalamika. Iweje injini yenye nguvu zote hizo ishindwe kukaa sailensi, yaani kuunguruma yenyewe polepole ikiwa imesimama?

Ni kwa sababu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hata kama kwa nje ni kipande kimoja cha chuma, ndani ina njia mbili za petroli, na ile ya sailensi haitegemei ile ya mwendo. Moja inaweza kufa nyingine ikawa nzima kabisa.

Tuanze na ile kubwa. Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba la kabureta. Penye wembamba hewa huongeza kasi, na kasi ikiongezeka mgandamizo wake hushuka. Tabia hiyo ilielezwa mwaka 1797 na mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, miaka mingi kabla ya pikipiki. Mgandamizo wa kooni ukishuka chini ya ule wa bakuli la petroli lililo chini ya kabureta, petroli hupanda kupitia jeti kubwa, yaani kipande kidogo chenye tundu la kupimia petroli, na kutoka kama ukungu, vilevile inavyofanya pampu ya mkono ya kupulizia dawa ya mbu.

Sasa achia resi. Slaidi, kile kipande kinachopandishwa na kushushwa na waya wa resi, inashuka na kuziba karibu koo lote. Hewa inayopita ni kidogo mno, jeti kubwa haitoi kitu. Lakini pistoni bado inavuta, na mvuto huo unakuwa mkali hasa kwenye nafasi iliyo kati ya slaidi na injini. Hapo ndipo watengenezaji walipotoboa kitundu kinacholishwa na jeti ndogo. Sailensi yote inaishi kwenye kitundu hicho. Kwenye injini nyingi za sisi (cc) 125, tundu la jeti kubwa linakaribia milimita 1. Jeti ndogo ya kabureta ya Keihin iliyoandikwa 38 ina tundu la milimita 0.38. Uchafu ambao jeti kubwa inaumeza bila kujua, hapa unafunga njia.

Na uchafu haukosekani. Tenki kuukuu lina kutu ndani. Ukitoka mjini ukapita Mwandiga kuelekea milimani, petroli unayoikuta kando ya barabara mara nyingi iko kwenye chupa za maji ya kunywa, na aliyeijaza hakuwa na kichujio. Maji nayo ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya bakuli, palepale jeti zinapochotea. Kabla ya kufungua chochote, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli na ukinge kinachotoka kwa chupa inayoonesha ndani, mbali na sigara na jiko. Iache itulie. Kama kuna maji utayaona chini, yamejikusanya kama shanga zinazoviringika ukiinamisha chupa. Pikipiki iliyolala miezi kadhaa ina ugonjwa wake mwingine: sehemu nyepesi za petroli huruka, zikabakiza utando wa kunata wenye rangi ya chai, na utando huo hupenda matundu madogo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata bisibisi. Injini ikiwa ya moto, vuta choki kidogo. Choki huongeza petroli kwenye mchanganyiko. Kama pikipiki iliyokuwa inazima sasa inakaa sailensi, ujue ilikuwa na njaa ya petroli: jeti ndogo imeziba, au kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kama choki inaizidishia ugonjwa, moshi ni mweusi na plagi imejaa masizi, basi petroli imezidi. Hapo angalia kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, choki isiyorudi, au boya la ndani ya bakuli lisilofunga petroli, ambalo mara nyingi hujitaja lenyewe kwa kudondosha mafuta kwenye mpira wa chini.

Tukirudi kwenye jeti iliyoziba, hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanachomoa unywele wa waya wa klachi na kutoboa. Jeti ni ya shaba nyeupe au ya njano, laini. Waya wa klachi ni chuma. Tundu la 0.38 likipanuka kuwa 0.42 tu, kwa macho hutaona tofauti, lakini eneo lake limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Baada ya hapo pikipiki inakunywa mafuta kila inaposimama, na mwenye chombo analaumu sheli. Loweka jeti kwenye petroli safi, ipulize kwa upepo wa kompresa, kisha ielekeze juani: unatakiwa uone duara kamili la mwanga, si nusu. Ikigoma, Kigoma hatukosi mshipi wa kuvulia. Ule mwembamba wa nailoni, wa milimita 0.30, unapita ndani ya 0.38 bila kukwaruza. Usisahau kupuliza na vijia vya kwenye kabureta yenyewe, maana jeti inaweza kuwa safi na njia yake ikawa imeziba.

Wengi hawafiki huko. Wanazungusha skrubu ya sailensi, ile kubwa yenye springi, mpaka injini iache kuzima. Kilichofanyika ni kuinua slaidi ili jeti kubwa ianze kusaidia kazi isiyo yake. Pikipiki inakaa, ndiyo, lakini inapiga kelele kijiweni, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na tatizo liko palepale.

Skrubu ya mchanganyiko ndiyo ile ndogo, na inachanganya watu kwa sababu ziko za aina mbili. Ikiwa upande wa kichujio cha hewa, inapima hewa: ukiikaza petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ukiikaza petroli inapungua. Ifunge taratibu hadi iguse, usilazimishe, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa imeshapata moto, izungushe robo robo mpaka mlio uwe wa juu na uliotulia kuliko kote, ndipo urudi kwenye skrubu kubwa kuushusha. Pikipiki nyingi za aina hii hutakiwa mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Hakuna mita ya kukuonesha, sikio linatosha.

Ikiwa ukiachia resi mlio unachelewa kushuka, kisha unazima ghafla, shuku hewa inayopenya kati ya kabureta na injini. Mpira au gasketi ya hapo huchanika kwa joto na uzee. Nyunyizia maji kidogo kwenye kiungo. Mlio ukibadilika, umepata. Na kama hewa haivuji, mwambie fundi apime tapeti, yaani nafasi ya valvu. Valvu isiyofunga vizuri humwaga kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda, na kwenye sailensi injini haina akiba ya kufidia.

Wapo wanaosingizia mwinuko, hasa kwa pikipiki iliyoletwa na treni kutoka Dar es Salaam. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 7 kuliko pwani. Petroli itazidi kidogo, robo ya mzunguko wa skrubu inatosha kusawazisha. Mwinuko huo hauzimi pikipiki nzima.

Ukimaliza yote hayo na bado inagoma, chomoa slaidi uitazame upande unaoelekea injini. Ndio unaosuguliwa kila siku kwa sababu mvuto unaikandamiza huko. Kama pameng'aa na slaidi inacheza ndani ya koo, hewa inapita pembeni na hakuna skrubu itakayosaidia. Nunua kabureta nyingine, lakini kabla ya kuifunga soma namba za jeti zake. Zile za bei nafuu huja na namba yoyote, na kama nyuzi zinalingana, jeti zako za zamani zilizosafishwa huenda zikafaa zaidi.