Mtambo wa DAF: kagua hewa kabla ya kuongeza dawa

Maji yanayotoka kwenye masufuria ya kuchemshia dagaa ni mabishi. Mafuta yanataka kupanda, vipande vya nyama vinataka kushuka, na protini imebaki katikati ikiyatia ukungu maji yote. DAF, yaani mtambo wa kuelesha uchafu kwa hewa iliyoyeyushwa, huvipandisha vyote. Sehemu ya maji yaliyokwisha safishwa, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, hurudishwa kwenye tangi la presha, hushindiliwa hewa kwa bar 4 hadi 6, kisha hufunguliwa ghafla ndani ya maji machafu. Hewa hutoka kwa viputo vidogo mno, mikromita 30 hadi 100 hivi, ambavyo hung'ang'ania madonge ya uchafu na kuyaelesha.

Tope lisipopanda, wengi hukimbilia dawa za kugandisha uchafu. Mimi huanza na hewa, na hasa huku kwetu Unguja na Pemba. Kwa presha ya kawaida, lita ya maji ya nyuzi 20 hushika mililita 18.7 za hewa. Kwa nyuzi 30, 15.7 tu, na chumvi ya dagaa hupunguza zaidi. Mtambo uliopigiwa hesabu za nchi ya baridi umeshapungukiwa kabla haujawashwa.

Chukua mfano: nyuzi 30, bar 5, maji ya kurudisha asilimia 30, tangi la presha likifanya kazi kwa asilimia 80. Ukiacha chumvi, unapata kama gramu 23 za hewa kwa kila mita ya ujazo ya maji taka. Uchafu ukiwa gramu 1,200 kwa mita hiyohiyo, uwiano wa hewa kwa uchafu ni 0.019, unatosha. Ukifika gramu 3,000, uwiano unaanguka chini ya 0.01, na hapo hata umimine pipa zima la dawa, tope jingi huenda likabaki chini. Poza maji kwanza, kisha pandisha kiasi cha kurudisha kifike asilimia 50.

Kipimo cha haraka ni glasi. Kinga maji pale yanapotoka kwenye vali ya kushushia presha. Yawe meupe kama tui, yakianza kung'aa kutoka chini polepole, dakika moja hadi tatu. Mapovu makubwa yakiruka na kwisha mara moja, tazama kina cha maji ndani ya tangi la presha: likijaa mno hewa haiyeyuki, likipungua mno hewa inapita kavukavu. Kina kikiwa sawa, ifungue vali ya kushushia presha uitazame ndani. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na ukoko huziba vitundu. Umeme ukikatika, vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ikivuja, maji hurudi mpaka kwenye kompresa.

Chokaa hiyohiyo huisumbua shabu, dawa ya kugandisha uchafu, inayofanya kazi vizuri pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa 5.5 hadi 7. Jaribu kwenye mitungi ya lita moja: koroga kwa kasi dakika moja, taratibu dakika 10, ndipo uchague kipimo. Polima, dawa ya kuunganisha madonge yawe makubwa, miligramu 1 hadi 3 kwa lita kawaida inatosha. Usiipitishe kwenye pampu yenye kasi, itakatakata madonge.

Chumvi na vilivyoyeyuka kabisa havitoki kwa DAF. Hivyo vinahitaji hatua nyengine, na bajeti yake.