Asiyekuwamo WhatsApp hajajitenga: dhana potofu na ukweli

Dhana inayoumiza kuliko zote ni kwamba asiyetumia WhatsApp amejitenga mwenyewe. Ukweli ni kwamba mara nyingi mtu huyo yupo palepale alipokuwa; kilichohama ni mahali pa kupashana habari. Kamati ya harusi, ambayo zamani ilisambaza kadi za mchango na kumpigia simu kila ndugu, siku hizi hufungua kundi na kubandika humo orodha ya ahadi, na tangu hapo kikao kikihamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumapili hakuna anayekumbuka kwamba shangazi mwenye simu ya kitochi hakuambiwa. Hakuna aliyekusudia kumtenga, na kwa sababu hiyo hana hata wa kumlalamikia. Kwenye msiba hasara hairudishiki, kwa kuwa Waislamu huharakisha maziko, mara nyingi siku hiyohiyo, na aliyekosa tangazo hupata habari kaburi likiwa limekwisha kufukiwa.

Wengine husema shangazi atasomewa na mjukuu. Atasomewa, ila uamuzi utakuwa umekwisha kupita: kiwango cha mchango kimepangwa, ukumbi umelipiwa, na yeye, ambaye kwa mila zetu angeulizwa kwanza, anapewa taarifa tu. Mimi naona hapa ndipo utengwa wenyewe ulipo.

Husemwa pia kwamba siku hizi kila mtu yumo. Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 2.3.7 na matoleo ya nyuma yake, hivyo hata waliokuwamo wakatolewa na uzee wa simu zao. Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018, mtumiaji alitozwa shilingi 200 kwa siku ili aingie kwenye mitandao ya kijamii, hadi kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti.

Wapo wanaokataa kwa hiari, nao huitwa washamba wa teknolojia. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya yaliyohusu taarifa inazoshirikiana na Facebook, mmiliki wake tangu 2014, miongoni mwa waliokimbilia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, walikuwamo watu waliosoma masharti hayo wakayaelewa. Shida yao ilikuwa kwamba ndugu na majirani hawakuhama nao. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ambayo masharti yake yalianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, unaitaka WhatsApp ipokee ujumbe kutoka programu nyingine. Huku kwetu sheria hiyo haifiki.

Hatimaye hudaiwa kwamba kumfikia asiyekuwamo ni mzigo. Mweka hazina wa kamati tayari anazo namba za wachangiaji wote, maana michango huingia kwa M-Pesa na huduma nyingine za aina hiyo, ambazo hazihitaji simujanja. Siku, saa na mahali hutosha katika SMS moja ya herufi 160, na Oktoba 4, 2021, WhatsApp ilipozimika kwa takriban saa sita, ujumbe wa aina hiyo uliendelea kufika. Mjumbe mmoja akikabidhiwa kazi ya kuwapigia wasio kwenye kundi kabla uamuzi haujafungwa, shangazi atatoa neno lake kikao kingali kinaendelea.