Korosho za kukaanga na matunda makavu: maswali na majibu kutoka Kusini

Ikifika Oktoba, Mtwara na Lindi nzima huzungumza korosho: bei ya mnada, magunia, malipo ya chama cha msingi cha ushirika. Zinazosahaulika ni korosho za kuliwa nyumbani. Kaya nyingi huuza zote, halafu watoto wananunuliwa biskuti na juisi za unga. Natamani kila nyumba ibakize debe lake. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu mchanganyiko wa korosho, karanga, mbegu na matunda makavu, na majibu yake.

Nina presha na nimeambiwa nipunguze mafuta. Korosho si zimejaa mafuta?

Zina mafuta, tena mengi: karibu nusu ya uzito wake. Lakini sehemu kubwa ni mafuta yasiyoganda, yale yanayosaidia kushusha lehemu mbaya kwenye damu ukiyala badala ya mafuta ya wanyama au maandazi na chipsi. Pamoja na mafuta hayo unapata protini na magnesiamu, na karanga inaongeza nyuzinyuzi.

Kwa mwenye presha, cha kuogopa zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo ndani imo chumvi ya mboga, ya samaki mkavu na ya kila kitu kingine. Ukila pakiti ya korosho ambayo chumvi inabaki vidoleni, umekwisha kula sehemu ya kijiko hicho kabla hujafika mezani. Ukikaanga mwenyewe, chumvi iko mikononi mwako.

Nile kiasi gani kwa siku?

Kiganja kimoja, kama gramu 30. Gramu 30 za korosho zina kalori zinazokaribia 170 na protini gramu 5 hivi. Karanga kiasi hicho hicho zina protini gramu 7 au zaidi kidogo. Pima, weka kwenye kibakuli, funga kopo urudishe kabatini. Ukikaa na kopo zima mbele yako huku mnapiga soga, utakuja kushtuka limekwisha.

Nichanganye nini, na nikaangeje bila kuunguza?

Anza na vilivyopo kwetu. Vikombe viwili vya korosho zilizobanguliwa, kikombe kimoja cha karanga, nusu kikombe cha mbegu za maboga, vijiko viwili vya chakula vya ufuta, na kikombe kimoja cha matunda makavu uliyoyakata vidogo. Korosho nunua vipande kama nzima zinakushinda bei. Iliyovunjika ina lishe ile ile, na ukienda kwa akina mama wanaobangua utaona tofauti ya bei mwenyewe.

Kosa linaloharibu kazi hii ni kumwaga kila kitu kwenye sufuria kwa pamoja. Ufuta unaiva kwa dakika mbili tatu, karanga zinataka zaidi ya dakika kumi. Kaanga kila kitu peke yake, kwenye kikaango kikavu kisicho na mafuta, kwa moto wa mkaa uliopungua. Mkaa ukiwa mwekundu sana, vuta mwingine pembeni. Mwiko usitulie. Karanga utazijua kwa mlio na kwa ganda jekundu linaloanza kuachia ukisugua moja kati ya vidole. Ufuta utaanza kuruka. Hapo hapo uepue. Mbegu za maboga huvimba kidogo na kupasukapasuka.

Korosho ndiyo inayotaka jicho. Inatoka nyeupe, inakuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, halafu ghafla inakuwa kahawia. Iepue ikiwa bado haijafika rangi unayoitaka, maana joto lililomo ndani linaendelea kuiivisha hata ikiwa nje ya moto. Imwage mara moja kwenye sinia au ungo, usiiache kwenye kikaango cha moto. Mwenye oveni atumie nyuzi joto 150 hadi 160, dakika 10 hadi 15, akigeuza katikati.

Ukitaka chumvi, koroga robo kijiko cha chai kwenye vijiko viwili vya maji, nyunyiza juu ya korosho na karanga zikiwa zinakaribia kuiva, kisha endelea kugeuza mpaka maji yakauke kabisa. Chumvi inashika kila punje na unatumia kidogo kuliko ile ya kunyunyizia juu mwishoni. Wengine nawashauri waiache kabisa, watie kijiko cha unga wa ubuyu mweupe. Uchachu wake unachangamsha ulimi na una vitamini C. Nasema ubuyu wenyewe, siyo ule wa rangi uliopikwa na sukari.

Matunda makavu yasiguse moto, sukari yake inaungua na kuwa chungu. Na usiyachanganye mpaka korosho na karanga zipoe kabisa. Zikiwa vuguvugu hutoa mvuke, mvuke unaingia kwenye matunda, na ndani ya siku chache una kopo la ukungu.

Nina korosho zenye maganda yake, nimetoa shambani. Niziweke tu kwenye sufuria?

Hapana, tafadhali. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Yakigusa mkono unapata malengelenge na weusi unaokaa siku nyingi. Ukijisahau ukafikicha jicho, ni balaa. Kinachounguza ni kemikali za jamii moja na zile za mimea inayowasha sana ngozi. Moshi wake nao unachoma macho na koo, na kwa mwenye pumu unaweza kuleta shambulio.

Wanaochoma kienyeji wafanyie nje, mahali pa wazi, wasimame upepo unakotokea, watoto wawe mbali, na chombo hicho kisirudi jikoni kupikia. Anayebangua apake mikono mafuta ya kula au majivu, au avae glavu. Yakikupata, osha kwa sabuni na maji mengi upesi. Ukipata malengelenge makubwa au yakiingia jichoni nenda zahanati. Na maganda yasiwe kuni za jikoni, ingawa yanawaka vizuri.

Kwa mchanganyiko huu, nunua zilizokwisha kubanguliwa. Hizo zimeshapita kwenye moto au mvuke na ganda limeondoka.

Karanga zangu chache zina ukungu. Nikizikaanga moto si utaua?

Hili ndilo swali ninalotamani kila nyumba ilisikie jibu lake. Moto unaua kuvu, lakini hauimalizi sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje. Sumu hiyo tunaiita sumukuvu. Haina harufu ya kukuonya, haionekani, na joto la jikoni linapunguza sehemu tu. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka inachangia saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ukiila nyingi kwa mkupuo inaweza kuua. Mwaka 2016 Watanzania wenzetu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafariki, kwa kula mahindi yenye sumu hii.

Karanga na mahindi ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi. Kuvu hupata nafasi pale karanga zinapopigwa na ukame shambani, zinapochelewa kung'olewa, zinapoanikwa chini kwenye udongo, au zinapowekwa kwenye gunia kabla ya kukauka sawasawa. Pwani yetu hewa ni ya unyevu, kwa hiyo hata karanga nzuri zinaweza kuharibika ghalani.

Tandaza karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, chambua moja moja. Toa zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zilizochipua. Baada ya kukaanga, menya na uchambue tena, maana nyingine weusi wake uko ndani. Ukitafuna ukakuta moja chungu, iteme, usiimeze kwa aibu.

Sasa lipo jambo linaloniumiza. Karanga nzuri zinachaguliwa kwa ajili ya kuuza au kwa wageni, zile mbovu zinatwangwa. Unga wake unaingia kwenye kisamvu na kwenye uji wa mtoto. Yaani mwenye ini dogo kuliko wote nyumbani ndiye anayelishwa zilizooza. Wengine huwapa kuku, nao kuku na bata wanadhurika na sumu hii. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Zichimbie chini. Najua inauma kutupa chakula, lakini konzi mbili za karanga mbovu hazifai kulinganishwa na afya ya mtoto.

Mabibo yanafaa? Na maembe?

Yanafaa sana, na ni aibu jinsi mabibo yanavyoozea chini ya mikorosho kila msimu, au yanavyoishia kwenye uraka na nipa, pombe za kienyeji za mabibo. Bibo bichi lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Likianikwa sehemu ya vitamini hiyo inapotea, bado linabaki tunda zuri. Okota yaliyoanguka siku hiyo hiyo, yasiyopasuka. Osha, kata vipande vyembamba, chovya kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo dakika chache kupunguza ukakasi, kisha anika.

Maembe kata vipande vya unene wa nusu sentimita hivi, nyunyizia maji ya limau yasigeuke rangi. Anika juu ya chekecheke au wavu ulionyanyuliwa kutoka chini, ufunike na chandarua safi kuzuia nzi. Kwenye jua kali ni siku mbili au tatu. Jioni ingiza ndani, umande unarudisha kazi nyuma. Mwenye kaushio la jua anapata matokeo bora, kwa sababu tunda halipigwi na jua moja kwa moja na vitamini A ya embe inabaki zaidi.

Kipande kilichokauka kinapinda bila kuvunjika na ukikibana hakitoi maji. Kiweke kwenye chupa ya kioo, funga, ikague kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha juani.

Nina kisukari. Matunda ni ya asili, si hayana neno?

Yana neno. Embe bivu lina sukari gramu 14 hivi kwa kila gramu 100. Ukilikausha maji yanatoka, sukari yote inabaki kwenye kipande kidogo unachokimaliza kwa kutafuna mara mbili. Zabibu kavu zina sukari inayozidi nusu ya uzito wake. Kwako wewe punguza matunda mpaka robo kikombe katika kipimo nilichotoa, au acha kabisa ubaki na korosho, karanga na mbegu. Usiongeze asali wala sukari. Pima sukari yako kabla ya kula na saa mbili baadaye uone mwili wako unasemaje, na dawa zako usiziguse bila daktari. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki yake kabla ya kuanza, kwa sababu ya potasiamu na fosforasi.

Mwanangu ana mwaka na nusu, anazililia. Nimpe?

Mpe, lakini si nzima. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa na punje ya karanga ikaziba njia ya hewa, na huwa ni jambo la dakika chache. Twanga iwe laini, changanya kwenye uji au kwenye ndizi iliyopondwa. Baada ya miezi sita mtoto anaweza kuanza kuonjeshwa hivyo kwa kiasi kidogo. Hata mkubwa kidogo akae akila, asikimbie huku ana karanga mdomoni.

Mjukuu wangu, meno yangu mimi yamekwisha. Nami nimo?

Shikamoo bibi, umo kabisa. Wakutwangie korosho na karanga pamoja na ufuta, uweke kijiko kimoja au viwili kwenye uji au juu ya kiazi kitamu. Maembe makavu yalowekwe usiku, asubuhi yamelainika.

Nikila korosho midomo inawasha. Nivumilie?

Usivumilie. Huo unaweza kuwa mzio, na safari inayofuata inaweza kuwa mbaya zaidi. Acha, ukamwone daktari. Mwenye mzio wa korosho awe makini na pistachio pia, na wengine husumbuliwa na ganda la embe, maana mikorosho na miembe ni ya ukoo mmoja. Mtu akivimba uso au ulimi, akishindwa kupumua au akizimia baada ya kula, mkimbizeni hospitali muda huo huo. Msingoje maziwa wala maji ya dafu yafanye kazi.

Zinakaa muda gani?

Kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mahali pa kivuli, wiki mbili hadi tatu kwa hewa ya Mtwara au Lindi mjini. Kwenye friji zaidi ya hapo. Usichote kwa mkono wenye maji. Zikilainika bila harufu mbaya, toa matunda pembeni, rudisha korosho na karanga kwenye kikaango dakika chache, zipoe, rudisha chupani. Zikitoa harufu ya mafuta ya zamani au ukiona ukungu hata kwenye kipande kimoja cha embe, mwaga zote na uioshe chupa kwa maji ya moto, ikauke juani kabla ya kutia nyingine.