Mchongo wa ganda la yai, na shujaa wa Crow aliyemo ndani yake

Mchongo wa ganda la yai si yai lililopakwa rangi. Ni ganda lenyewe linalokwanguliwa kidogo kidogo mpaka sura itokee. Yai linalopendwa kwa picha za watu ni la emu, yule ndege mkubwa wa Australia asiyeruka, kwa sababu rangi zimo humo tangu lilipotagwa. Juu ni kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ukikwangua unakuta kijani-bluu, kisha rangi iliyopauka, na chini kabisa weupe, yote hayo katika unene wa kama milimita moja. Ganda la mbuni ni nene karibu maradufu, ila ni jeupe hadi ndani, kwa hiyo mchongaji hutegemea kina na kivuli, au hulitoboa likabaki kama kimia.

Kwanza hutobolewa tundu, ute na kiini vikatolewa, ganda likaoshwa na kukaushwa. Kisha huchorwa kwa penseli. Kifaa ni keekee ndogo yenye kasi kubwa, ndugu wa ile ya daktari wa meno, maana kisu hutaka nguvu ya mkono na ganda halivumilii nguvu. Barakoa ni lazima, vumbi lake si la kuvutwa.

Sasa huyo shujaa. Watu wa Crow, kabila la wenyeji wa asili wa Montana huko Marekani, wenyewe hujiita Apsáalooke, yaani watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa. Wageni walisikia habari za ndege wakawaita kunguru, kwa Kiingereza crow, na jina likaganda. (Watu wa ndege kuchongwa kwenye yai: hapo sanaa imejipatia mahali pake.)

Chukua Medicine Crow, chifu wao aliyezaliwa mwaka 1848 hivi. Mwaka 1880 alikwenda Washington pamoja na machifu wenzake kwa mazungumzo ya ardhi, na huko akapigwa picha na Charles Milton Bell. Picha hiyo imenakiliwa mno, mara nyingi na watu wasiojua wanachokiangalia.

Kwa Crow, mtu hakuwa chifu wa vita kwa kuzaliwa. Alitakiwa kutimiza mambo manne: kumgusa adui aliye hai, kumnyang'anya silaha, kumwibia farasi, na kuongoza kikosi kilichorudi salama. Kuua hakumo. Kumkaribia adui mwenye silaha hadi umguse, kisha ukaondoka mzima, ndiko kulikokuwa na heshima kubwa. Joe Medicine Crow, mjukuu wa chifu huyo, alitimiza yote manne akiwa askari wa Marekani nchini Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, wizi wa farasi ukiwemo.

Mavazi ya shujaa yalitangaza matendo hayo. Ndiyo maana mchongaji hawezi kuacha kitu kwa kuona ni pambo tu: nywele za mbele zilizosimamishwa wima, shanga, vipande vya ngozi ya kicheche mweupe vinavyoning'inia kwenye shati. Na hapo ndipo penye kazi. Kwenye yai la emu, cheupe ndicho kilicho chini kabisa. Ili alama hizo za ushujaa zing'ae, lazima keekee ishuke hadi tabaka la mwisho, mahali ambapo ganda limebaki jembamba kuliko popote.